Kwenda kwa reli ya Mchina, kurudi kwa barabara ya Mmarekani

Nina wiki mbili tangu nirudi nyumbani. Vumbi jekundu la Katanga, kusini mwa Kongo, limeshatoka kwenye viatu, picha zimo kwenye kompyuta ya mwanangu, na daftari langu lina kurasa tano zilizolowa mvua ya Mlimba. Naandika kwa kufuata daftari na picha hizo. Siku ambazo kazi ilikuwa kukaa dirishani tu nimezipita upesi.

Nimefundisha historia sekondari miaka thelathini na moja. Kila nilipofika kwenye Vita Baridi nilichora ubaoni Berlin, Korea, Cuba na Vietnam. Wanafunzi walinakili, walifaulu, walisahau. Nilipostaafu jambo hili likaanza kunikera: sikuwahi kuwaambia kwamba vita ile ilipita Gongo la Mboto, Mlimba, Ndola na Lubumbashi, na kwamba njia yake mtu anaweza kuifuata kwa tiketi ya treni. Nikapanga niwe Shilatembo, karibu na Lubumbashi, Januari 17, siku aliyouawa hapo Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo.

Januari 13: Dar es Salaam

Treni ilikuwa ya alasiri, kwa hiyo asubuhi nilipanda daladala mpaka Gongo la Mboto, kwenye makaburi ya Wachina waliofia kazini hapa nchini enzi za ujenzi wa Tazara, reli ya Tanzania na Zambia. Makaburi yako kwenye mistari iliyonyooka, majani yamefyekwa. Baba yangu alikuwa kibarua wa kubeba mataruma upande wa Mlimba mwaka 1972, na maisha yake yote alisema Wachina wale walikula walichokula vibarua na walilala kwenye mahema kama wao. Nimeweka maua niliyonunua shilingi 3,000 kwa mama wa pale nje. Hakuniuliza ya nani.

Stesheni ya Tazara ni jengo kubwa, dari juu kabisa, sakafu pana, lilijengwa kwa nia ya kuonyesha jambo. Daraja la kwanza mpaka Kapiri Mposhi lilinigharimu shilingi laki moja na kidogo. Nauli hubadilika, kwa hiyo uliza stesheni yenyewe siku chache kabla, na usisahau kuuliza kama safari ya wiki hiyo ipo. Vyumba ni vya watu wanne, wanawake peke yao na wanaume peke yao. Ukitaka kukaa na mumeo itawapasa kulipia chumba kizima.

Chumbani tulikuwa watatu: mimi, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Kasama anayesema Kiswahili kizuri kuliko baadhi ya majirani zangu, na Bi mkubwa wa Unguja aliyekuwa akienda Mbeya kumwona binti yake aliyejifungua. Bi mkubwa anakaa kwenye majumba ya Michenzani. Alipojua nilikuwa mwalimu wa historia aliniambia, "Basi mwanangu, nyumba yangu ndiyo somo lako."

Kweli. Majumba yale yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, nchi ambayo Zanzibar ya Mapinduzi ilikuwa imeitambua. Ujerumani Magharibi ilikuwa na msimamo wa kukataa urafiki na yeyote anayeitambua ile ya Kikomunisti, na mwaka 1965 ikakata msaada wake wa kijeshi kwa Tanzania ili Nyerere anyooke. Nyerere akawaambia wachukue na uliobaki. Unguja ile ile Wamarekani walikuwa wakiiogopa isije ikawa Cuba ya Afrika. Balozi wao mdogo pale, Frank Carlucci, alifukuzwa nchini mwaka 1965 kwa tuhuma za hujuma, tuhuma alizozikana. Kabla ya Unguja, Carlucci alikuwa ofisa ubalozi Léopoldville (Kinshasa ya leo), Kongo, siku zile zile za Lumumba. Baadaye akawa naibu mkuu wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kisha waziri wa ulinzi wa nchi hiyo. Nilimweleza Bi mkubwa hayo, akanyamaza, akaniongezea chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake.

Jua lilizama tukiwa ndani ya hifadhi. Twiga wawili, pundamilia wengi, kisha giza.

Januari 14: Mlimba, siku nzima

Niliamka saa nane za usiku kwa sababu treni ilikuwa imesimama na kimya kilikuwa kimezidi. Mvua ilikuwa imeshusha udongo juu ya reli huko mbele, kwenye mlima. Tulikaa Mlimba saa thelathini na moja.

Watu wa Mlimba hawakutuacha. Kabla hata jua halijapanda vizuri akina mama walikuwa wamefika na sufuria: wali wa Kilombero, kambale wa kukaanga, ndizi za kuchemsha. Sahani shilingi 2,500, na hawakupandisha bei walipoona tumekwama. Mama mmoja aliwachukua watoto wa daraja la tatu akawaogesha kwake, wote saba, akawarudisha wamepakwa mafuta. Nauli ya wema kama huo haikatwi dirishani.

Shauri kwa atakayefuata: beba maji lita tano, tochi, shuka na fedha ndogondogo. Simu yangu ilikata mawasiliano karibu siku nzima.

Mchana, chini ya paa la stesheni, nilikaa na mzee aliyewahi kuwa nyapara wa gengi la reli. Anakaa Mlimba hadi leo. Nilipomtajia jina la baba alifikiri kwa muda mrefu akasema hamkumbuki, walikuwa maelfu. Nilipenda ukweli wake. Kisha akanieleza jinsi walivyovuka mlima huu, mahandaki na madaraja yakifuatana, vijana wakifanya kazi zamu tatu.

"Wazungu walisema haiwezekani," alisema.

Walisema haina faida, ambalo ni neno jingine. Zambia ilikuwa imefungiwa. Shaba yake ilipita Rhodesia (Zimbabwe ya leo) na nchi za Wareno, na Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, Rais Kaunda wa Zambia alibaki na hazina isiyo na mlango. Yeye na Nyerere waliomba huko Magharibi kwanza. Benki ya Dunia ilikuwa imekwisha kusema reli hiyo haitalipa. China, nchi maskini wakati ule, ikakubali: mkataba mwaka 1967, ujenzi kuanzia 1970, kilomita 1,860, mkopo usio na riba, reli ikakabidhiwa Julai 1976.

Hapo ndipo hofu ya ukomunisti ilipofanya kazi yake. Mara Wachina walipokubali, fedha za barabara zikapatikana. Marekani, Sweden na ile ile Benki ya Dunia zikagharimia barabara ya lami ya Dar hadi Tunduma, sambamba na reli. Nimefundisha kwamba Vita Baridi ilizigawa nchi maskini. Hapa Mlimba, mvua ikinyesha, nilijisemea kwamba wakubwa wawili walishindana na sisi tukapata njia mbili. Nikafurahi. Niliandika furaha hiyo kwenye daftari, na naiacha hapa kama ilivyokuwa, ingawa siku tano baadaye nilisimama mahali ambapo hofu hiyo hiyo ilikuwa imelipa kwa namna nyingine.

Januari 15 na 16

Saa tatu asubuhi tukaondoka. Behewa zima lilipiga makofi. Kutoka Mlimba hadi Makambako usilale: treni inaingia handaki, inatoka juu ya daraja, chini yako mto, mbele yako handaki jingine. Mwanga unakuja na kukatika hadi macho yanachoka. Makambako reli inakutana na barabara kuu, nikaona malori yamepanga foleni kungoja tupite.

Mbeya usiku tulimshusha Bi mkubwa. Mkwewe alikuwa amengoja na mwavuli tangu siku ya jana yake. Tunduma usiku wa manane, maofisa wa uhamiaji wa nchi zote mbili wakagonga vyumbani. Uwe na pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano mkononi, siyo chini ya mzigo. Saa inarudi nyuma moja ukiingia Zambia, na Lubumbashi ni hivyo hivyo.

Kutwa ya tarehe 16 ilikuwa miombo, Kasama, Mpika, miombo. Yule wa vitenge alishuka Kasama akiniachia muhogo uliochomwa na namba ya dada yake wa Ndola, "akupokee, usilale kwa watu."

Januari 17: Ndola

Tulifika Kapiri Mposhi saa saba usiku. Nililala kwenye benchi la stesheni na akina mama wengine, mizigo katikati, tukipokezana macho. Kulipokucha nilipiga hesabu: Lubumbashi ningefika jioni, Shilatembo ningeikosa. Siku niliyoitungia safari nzima ilikuwa imenipita. Nililia kidogo, kisha nikapanda basi dogo la Ndola, kwacha 120.

Dada wa yule mfanyabiashara alinipokea, akanipa maji ya moto ya kuoga, nshima (ugali wao) na kapenta (dagaa), kisha akamwita jirani mwenye teksi: kwacha 300 kwenda, kungoja na kurudi. Mahali penyewe ni kama kilomita kumi nje ya mji, ndani ya misonobari. Hapa, usiku wa kuamkia Septemba 18, 1961, ndege iliyombeba Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka. Walikuwemo kumi na sita. Kumi na watano walikutwa wamekufa, na mmoja, mlinzi Mmarekani Harold Julien, aliishi siku chache hospitalini kisha naye akafariki.

Hammarskjöld alikuwa anakuja kuonana na Moise Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga na Kongo siku kumi na moja tu baada ya uhuru wa 1960. Migodi ya Katanga ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Wabelgiji, Union Minière, na ndani ya ardhi hiyo ndimo ilimotoka urani ya bomu la Hiroshima. Tshombe na waliomshikilia, pamoja na walowezi wa Rhodesia, walijinadi kuwa boma la kuzuia ukomunisti Afrika ya kati. Neno hilo lilikuwa kama pasi ya kusafiria. Ukilitamka, mamluki walipita, fedha zilipita, silaha zilipita. Na Moscow kwa upande wake ilimtaka Hammarskjöld ajiuzulu, ikimwona mtumishi wa Magharibi. Alichukiwa pande zote.

Wachoma mkaa wa misitu hii walisema waliona ndege nyingine angani, waliona mwanga. Tume ya Warhodesia haikuwaamini. Mabaki ya ndege, yaliyoanguka karibu na uwanja wa ndege, yalitangazwa kupatikana saa kumi na tano baadaye. Leo anayeongoza uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ni Mtanzania, Jaji Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu wetu wa zamani. Ameandika kwamba inawezekana ndege ilishambuliwa au kutishwa na kwamba zipo nchi ambazo hazijafungua nyaraka zao zote. Na wale wachoma mkaa sasa wanasikilizwa, baada ya zaidi ya nusu karne. Nilisimama pale nikimfikiria mtu anayeona jambo kubwa usiku, anakwenda kulisema kwa wakubwa, anaambiwa hajui alichoona kwa sababu yeye ni mchoma mkaa.

Mlinzi wa makumbusho alinionyesha kila kitu bila haraka, akakataa bahashishi. Kiingilio kipo, kidogo. Nenda asubuhi, mchana mvua ya Januari haina huruma.

Januari 18: Kasumbalesa

Ndola, Kitwe, Chingola, Chililabombwe. Kabla ya mpaka, malori ya shaba yamesimama kilomita kwa kilomita. Madereva wengi ni Watanzania, wamening'iniza nguo milangoni, wanapika pembeni. Walinikaribisha ugali na maharage nikiwa natembea na begi langu. Mmoja alinibebea hadi getini.

Kwa atakayefuata: ulizia masharti ya viza ubalozini kabla ya kuondoka, kwa maana hubadilika. Kongo dola inatumika mpaka sokoni, lakini iwe noti safi. Noti yangu moja ya ishirini ilikuwa na mchaniko mdogo kama ukucha, na kila mtu aliikataa.

Ofisa wa Kongo aliniuliza nakwenda kufanya nini. Nikasema, kumwona Lumumba. Akaangalia pasipoti, akaniangalia mimi.

"Mama, Lumumba haiko kule. Iko Kinshasa. Jino yake ndiyo ilirudia, baliizika Kinshasa."

Nikamwambia najua, lakini nataka kuona alipofia. Akagonga muhuri, akamwita kijana wa teksi akamwambia asinidanganye bei. Dola kumi hadi Lubumbashi, watu wanne garini.

Mji unautambua kwa bomba refu la moshi la kiwanda na mlima mweusi wa takataka za shaba kando yake. Nilifikia kwa familia ya Kitanzania niliyounganishwa nayo na wale madereva. Wenyeji hapa ugali wanauita bukari, kisamvu wanakiita sombe, na hawana haraka mezani. Kiswahili chao kilinipa tabu saa ya kwanza tu. Ya pili nilikuwa nacheka nao.

Januari 19: Shilatembo

Gari kwa siku dola hamsini, na ada ya barabara juu yako. Dereva, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliniita mama Mwalimu tangu asubuhi. Kama kilomita hamsini kwenye njia ya Likasi, karibu na barabara, miti, vichuguu vyekundu virefu kuliko mtu, na mnara wa kumbukumbu. Wageni wa sherehe ya siku mbili nyuma walikuwa wameondoka. Shada za maua zilikuwa bado mbichi kwa mvua.

Lumumba hakuwa mkomunisti, na alisema hivyo mwenyewe mara nyingi. Jeshi lilipoasi na Wabelgiji kuingiza askari wao Julai 1960, aliomba msaada wa Umoja wa Mataifa. Mwezi ule ule akaenda Washington, akaonana na waziri wa mambo ya nje. Rais Eisenhower hakumpokea. Alipoona majeshi ya Umoja wa Mataifa hayaingii Katanga kuirudisha, akaikubali misaada ya Urusi, ndege na malori. Mwisho wa Agosti mkuu wa CIA, Allen Dulles, alituma simu ya maandishi Léopoldville kwamba kuondolewa kwake ni jambo la haraka na la kwanza. Septemba sumu ililetwa kutoka Marekani. Haikutumika. Hayo yalifunuliwa na kamati ya Seneti yao wenyewe mwaka 1975. Septemba hiyo hiyo Rais Kasavubu alimfukuza kazi, Mobutu, mkuu wa jeshi, akashika nchi. Desemba alikamatwa akijaribu kwenda Stanleyville (Kisangani ya leo) kwa wafuasi wake.

Januari 17, 1961 walimpakia ndege pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, wakapigwa njia nzima, wakashushwa hapa Katanga mikononi mwa maadui zao. Usiku kabla ya saa nne, kwa taa za magari, walipigwa risasi mmoja baada ya mwingine, Tshombe na mawaziri wake wakitazama, maofisa wa Kibelgiji wakiwa kazini. Alikuwa na miaka 35. Baadaye polisi wa Kibelgiji, Gerard Soete, aliwafukua akawayeyusha kwa tindikali. Akabaki na meno. Jino moja lenye dhahabu ndilo Ubelgiji ililolikabidhi kwa watoto wake Juni 2022, miaka 61 baadaye.

Na baada yake? Mobutu. Mwaka 1965 akachukua nchi yote, akakaa miaka 32, akapokelewa Ikulu ya Marekani na marais kadhaa, kwa sababu alikuwa upande wao. Ukuta wa Berlin ulipoanguka hakuwa na kazi tena, wakamwacha. Kongo ikabaki na deni, jeshi la kula raia, na barabara zilizooza. Ndiyo maana furaha yangu ya Mlimba naitazama upya. Sisi tulipata reli na lami kwa sababu hofu ilitukuta na viongozi waliobaki hai.

Mzee anayetunza mahali alikuja akikokota fagio. Nikamwamkia, nikamwambia nimetoka Tanzania kwa treni, nimechelewa siku mbili.

"Haina neno, mama. Ye iko anangojea tangu zamani."

Akaniuliza kama kwetu watoto banamujua. Nikasema nimewafundisha jina lake, mstari mmoja. Akafagia kimya mpaka mwisho wa upande ule, akarudi, akasema, "Basi ubapigie picha ya miti." Nilipiga picha ishirini na mbili. Miti tu.

Januari 21 hadi 23: kurudi

Nilipumzika siku moja, kisha nikapanda basi la moja kwa moja hadi Dar, dola zaidi ya mia, usiku mbili. Mpakani tulikaa saa sita. Kiti cha mbele kushoto kina nafasi ya miguu, kiombe mapema. Jirani yangu alikuwa dereva wa lori aliyeacha gari lake gereji, na alinieleza foleni za shaba zinavyokula mwezi wa mtu. Aliniambia pia kwamba Marekani na Ulaya wanafadhili reli ya upande wa pili, ya Lobito, Angola, ili madini yatokee Atlantiki, huku Wachina nao wakiitazama tena Tazara. Alilisema kama habari ya nauli.

Kutoka Tunduma tulikuwa kwenye barabara ya Mmarekani. Makambako basi lilisimama kwenye kivuko cha reli, treni ya mizigo ikapita polepole. Nikaitafuta simu nipige picha, ikawa imeisha chaji. Kitonga tuliishuka usiku, breki zikinuka, abiria wakisali. Mikumi alfajiri kulikuwa na tembo kando ya lami.

Picha za miti nimezichapisha. Mkuu wa shule yangu ya zamani amenikubalia vipindi viwili, Kidato cha Nne, Jumatano ijayo.